Je, Kiganja Chaweza Kutaja Mali Itakayokuja?

Mtu ashukaye Maungu, katika barabara kuu iendayo Mombasa, akiifuata njia ya vumbi kuelekea mlima Kasigau, hufika Rukanga, kijiji kilicho chini ya mlima huo. Nchi ile ni kavu. Watu wake hulima mahindi na pojo, hufuga mbuzi, na akina mama husuka vikapu vya katani. Mvua ikikosa, shamba halitoi kitu. Na ikinyesha vema, huenda ndovu wa Tsavo wakavuna kabla ya mwenye shamba. Mahali kama hapo kuuliza "Mwakani nitapata nini?" si mchezo, na mtu asemaye kwamba aweza kulisoma jibu katika kiganja hatakosa wa kumsikiliza. Basi na tuyachungue maneno yake kwa utulivu, bila kumcheka anayeuliza.

Pwani yetu imezoea zaidi ramli na hesabu ya nyota. Utazamaji wa viganja una mizizi ya kale katika Bara Hindi, na huko Ulaya ulipata sifa kubwa mwishoni mwa karne ya 19, zama za mtu mmoja wa Ireland aliyejulikana kwa jina la Cheiro, ambaye watu wakubwa wa London walimpelekea mikono yao. Wenye kazi hiyo hutaja mistari mitatu mikubwa: wa uhai, uzungukao kidole gumba, wa akili, ukatao katikati ya kiganja, na wa moyo, upitao chini ya vidole. Kisha kuna wa nne, utokao karibu na kifundo cha mkono na kupanda kuelekea kidole cha kati. Huu huitwa wa majaliwa. Ukiwa mrefu na mnyofu, husema, mali itakuja. Ukikatika, mtu atapata hasara.

Lakini mistari hiyo yatoka wapi? Kunja mkono wako polepole, nawe utaona. Ngozi hujikunja pale pale penye mistari mikubwa, kama vile mkono wa shati ujikunjavyo penye kiwiko. Mikunjo hiyo huanza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, kabla hajajua shilingi wala mbuzi.

Hatusemi kwamba mkono hauna habari yo yote. Sugu za jembe zasema kazi ya mtu. Daktari akiona mstari mmoja tu ukikata kiganja cha mtoto mchanga, huweza kumpima zaidi, ingawa watu wengi wenye afya njema wanao. Na wazee wakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, habari za kipande, ambacho serikali ya kikoloni ilianza kuwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kukichukua karibu na mwaka 1920. Kilitiwa alama za vidole, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha bati. Alama zile zilimwambia askari kwamba huyu ni fulani. Hazikumwambia fulani atapata mshahara gani mwaka ujao.

Yuko mtu aliyeipima kazi hii kwa mikono yake mwenyewe. Ray Hyman, Mmarekani aliyekuja kuwa profesa wa elimu ya nafsi, alipokuwa kijana alitazama viganja vya watu kwa malipo, na kwa kuwa wateja walimsifu aliamini kweli kwamba mistari husema. Rafiki yake mmoja, Stanley Jaks, akamshauri ajaribu kusema kinyume cha yale ambayo mistari ilitakiwa kumaanisha. Hyman akafanya hivyo. Wateja wakamsifu vile vile! Hapo akatambua kwamba sifa ile haikutoka katika mistari hata kidogo.

Ilitoka wapi, basi? Mwaka 1948 mwalimu mwingine wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Kumbe wote walipewa maneno yale yale. Walipoulizwa wayape alama kutoka 0 hadi 5, wastani ulizidi 4. Mtazamiaji naye husema, "Kuna mtu wa karibu aliyekuangusha katika mambo ya fedha." Ni nani ambaye hajakopwa na ndugu asilipwe? Mteja hushtuka, hutaja jina, naye mtazamiaji huendelea kutoka hapo. Atakaye kumjaribu na atoe mkono wake kupitia tundu la pazia, asiseme neno.

Tuseme mama mmoja wa Rukanga ana mbuzi 8, na ada ya mtoto yatakiwa Januari. Mtazamiaji amwambia, "Utajiri wako umo ardhini." Neno hilo lina nguvu katika nchi ya Taita, kwa sababu vito vimo ardhini kweli. Kile kito cha kijani kiitwacho tsavorite, ambacho jina lake latokana na Tsavo, kilipatikana huko mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hata leo wako wachimbaji wadogo. Mama yule akiuza mbuzi wote ili kutia fedha katika shimo la mtu asiyemjua, hasara haitakuwa ya senti alizomlipa mtazamiaji tu.

Na asidhani kwamba sheria itamrudishia. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 313, yampa kifungo cha hadi miaka 3 apataye mali ya mwenzake kwa uongo wa hila. Lakini kifungu cha 312 chaeleza kwamba uongo huo ni juu ya jambo lililopita au lililopo. Ahadi ya jambo lijalo haimo. Kwa hiyo si rahisi kumshika mwenye kutabiri kwa vifungu hivyo viwili, ingawa kutabiri kwa malipo ni kosa katika Kanuni hiyo hiyo.

Mapato ya Rukanga yana sababu zake, nazo zaonekana. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa haba katika sehemu kavu za Kenya, na ukame huo haukuchagua viganja. Tangu 2011 msitu wa Kasigau umeleta fedha za hewa ya ukaa, ambazo zimesaidia karo za shule na maji. Fedha hizo hupanda na kushuka kwa kadiri ya wanunuzi walio ng'ambo.

Hayo yote huweza kuandikwa. Mama yetu na achukue daftari la shule, mwezi wa Oktoba, aandike mbuzi alio nao, vikapu auzavyo kwa mwezi, deni la dukani, na ada ya Januari. Akiona kwamba fedha zitampungukia, bado ana nafasi ya kuuza mbuzi mmoja wakati ana nyama, kabla mvua haijakosa na kila mtu hajapeleka wake sokoni siku moja.