Somo: Mashindano ya Kuunda Madaraja kwa Wanafunzi Wetu

Ukiishi Isiolo unaijua laga. Miezi mingi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita, watoto wanapita kwenda shule. Halafu siku moja mvua inanyesha huko juu Mlima Kenya au Nyambene, na maji yanatufikia hapa jua likiwaka. Mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post ni vivyo hivyo.

Tusidhani ni jambo dogo. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu wakati maji yanapita juu ya barabara. Zaidi ya watu 30 walikufa. Kivuko kilikuwepo, ila maji yalikuwa yamekifunika.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu na viongozi wa vijana waandae mashindano ya kuunda madaraja madogo, lakini yaanzie lagani, si darasani. Kwa kawaida mashindano kama haya huuliza swali moja tu: daraja gani limebeba mzigo mkubwa? Swali ni zuri. Lakini kwetu huku adui wa kwanza ni maji.

Wakati wa kiangazi, mwalimu awapeleke wanafunzi kwenye laga wanayoijua. Wapime upana kwa kamba. Watafute alama ya mafuriko: takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye miiba ya migunga, au mstari wa matope kwenye jiwe. Wawaulize wazee, na akina mama wanaochota maji hapo, mafuriko makubwa yalifika wapi. Waulizwe watu watatu au zaidi, maana mmoja anaweza kutia chumvi! Mawingu yakionekana upande wa mlima, safari iahirishwe, hakuna mjadala.

Sasa vipimo viletwe mezani. Tuseme laga ina upana wa mita 20. Daraja la mfano litakuwa na urefu wa sentimita 40, yaani sentimita 1 inasimama badala ya nusu mita. Kama mafuriko yalifika mita 2 juu ya mchanga, hiyo ni sentimita 4. Ongeza sentimita 2 ili magogo yanayoelea yapite chini. Daraja ambalo tumbo lake liko chini ya sentimita 6 litolewe, hata likiwa zuri namna gani.

Kila kikundi kipewe vitu sawa: vijiti vya aiskrimu, uzi wa katani, chupa moja ndogo ya gundi ya mbao. Wapewe wiki mbili. Gundi ikauke vizuri, vijana wana haraka.

Kabla ya kuanza, wafundishwe kwa rula. Ilaze kati ya vitabu viwili, ibonyeze katikati: inapinda. Isimamishe kwa ubavu: haipindi, ingawa ni rula ile ile. Kisha waunganishe vijiti vinne kuwa mraba, kila kona pini moja. Ukiusukuma unalala upande. Pembetatu hailali. Wajue pia kwamba uzi ni hodari ukivutwa lakini ukisukumwa haufai kitu, na kijiti kirefu chembamba kikigandamizwa hupinda na kuvunjika.

Siku ya kupima, daraja liwekwe kati ya madawati mawili, ndoo ining'inizwe katikati, mchanga umiminwe kikombe kwa kikombe mpaka livunjike. Mzigo ugawanywe kwa uzito wa daraja lenyewe. Daraja la gramu 150 lililobeba kilo 15 limebeba mara 100 ya uzito wake. La gramu 400 lililobeba kilo 20 ni mara 50 tu. La kwanza limeshinda. Mizani ya duka inatosha kupima mchanga, ila kwa daraja lenyewe tafuteni mizani ndogo.

Waamuzi wawe fundi wa ujenzi, mwalimu wa hesabu, na mzee anayeyajua maji.

Mchoro wa mshindi usibaki ukutani. Mtoto hafanyi kazi ya mhandisi, na aambiwe hivyo wazi. Lakini mhandisi mgeni hajui maji yalifika wapi kwenye mgunga ule. Mkutano wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti ukitangazwa, wanafunzi wawili waende na mwalimu wao, angalau mmoja awe msichana, na wabebe mchoro pamoja na kamba ya kupimia.