Kabla Hujalipa Karo: Kuchagua Kozi ya Ufundi wa Magari Likoni, Kisauni na Changamwe

Mama mmoja wa Mtongwe alitujia na bahasha imejaa risiti. Mwanawe alikuwa amesomea ufundi wa magari mwaka mmoja na nusu katika chuo cha binafsi, na karo ilikuwa imelipwa yote. Kijana alipokwenda kuomba kazi gereji, fundi mkuu alimpa spana, akamwambia afungue plagi za gari dogo lililokuwa pale. Plagi alizijua, hata kuzichora aliweza, ila hakuwahi kuishika hata moja. Chuo chake hakikuwa na injini. Alisoma ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho.

Kijitabu hiki tumewaandikia wazazi kama yeye, na vijana wanaotaka kuishi kwa kazi hii.

Karakana kwanza, ofisi baadaye

Ofisini utapewa fomu na picha za wanafunzi waliovaa ovaroli mpya. Wewe omba kuingia karakana, na uende katikati ya wiki wakati masomo yanaendelea. Hesabu injini, kisha hesabu wanafunzi. Vijana 5 wakiizunguka injini moja, kila mmoja atapata zamu yake. Wakiwa 30, wachache watafanya kazi na waliobaki watatazama migongo ya wenzao. Uliza pia kama injini zenyewe zinawaka. Injini iliyokatwa ili ndani ionekane inasaidia kufundishia, lakini haivuji, haitetemeki, wala haigomi kuwaka asubuhi, na hayo ndiyo yanayomleta mteja gereji.

Kisha mwombe mwanafunzi aliyekaa muda chuoni akueleze hedi ya injini hufungwa vipi. Aliyefundishwa atakwambia bolti hazifuatwi kwa mstari: huanza za katikati, kisha za pembeni kwa kupishanisha, na zote hukazwa kwa awamu, kwa spana yenye kipimo cha mkazo. Muulize kwa nini. Hedi nyingi siku hizi ni za alumini. Zikikazwa upande mmoja kabla ya mwingine hupinda kiasi ambacho jicho halioni, na gaskiti ikashindwa kuziba. Maji huingia kwenye oili, na mwenye gari akichomoa kijiti cha kupimia anakuta rangi ya chai ya maziwa. Gari likiendelea kuendeshwa hivyo, injini nzima huharibika. Mwanafunzi akikufikisha hapo kwa maneno yake mwenyewe, jua ana mwalimu anayeijua kazi.

Magari yanayoshuka Kilindini

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepitisha umri wa miaka 8. Kwa hiyo gari lililokuwa jipya Japani miaka 7 iliyopita ndilo linaloteremka melini leo, na si muda litakuwa limeanza kutembelea gereji za Magongo na Bamburi. Magari hayo huongozwa na kompyuta, na mengine ni ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Betri kubwa ya haibridi huwa na volti zaidi ya 100, nyingine hata 200, na nyaya zake huvikwa ganda la rangi ya chungwa ili fundi azitambue mapema. Kijana aliyezoea betri ya volti 12 akiingiza mkono humo bila kufundishwa anaweza kufa. Neno hilo hatulipunguzi.

Uliza basi umeme wa magari una sehemu gani katika kozi, na kama wanafunzi huruhusiwa kuitumia mashine ya kusoma hitilafu, au imefungiwa kabatini. Mashine hiyo huchomekwa chini ya usukani, nayo hutoa namba. Namba haikuambii ubadilishe kifaa gani. Huenda tatizo ni waya mmoja ulioliwa na kutu ya hewa ya bahari, na kuutafuta mpaka kuupata ndiyo kazi atakayolipwa fundi.

Karatasi

Chuo cha kiufundi sharti kisajiliwe na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya kiufundi, chini ya sheria ya mwaka 2013. Omba kuona cheti cha usajili, na uhakikishe kozi ya magari nayo imeidhinishwa, si ushonaji na kompyuta peke yake. Halafu uliza ni chombo kipi cha taifa hutahini: KNEC, TVET CDACC au NITA? Chuo kidogo kikijibu kwamba hutoa cheti chake chenyewe, rudi na pesa zako nyumbani.

Diploma kwa kawaida hutaka C- katika KCSE, cheti cha craft hutaka D, na kozi ya artisan humpokea hata aliyepata E. Tunawasihi wazazi wasiione artisan kuwa aibu. Anayeanzia hapo hutumia muda mwingi karakanani na anaweza kupanda ngazi baadaye, ilhali wapo wenye diploma ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Ombi hilo tunalitoa pia kwa ajili ya mabinti, ambao mara nyingi huelekezwa kwingine kabla hawajaulizwa wanapenda nini.

Chuo kilicho karibu na watu wa bara ya kaskazini ni Kenya Coast National Polytechnic, huko Kisauni. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani. NITA ina kituo chake Mombasa, na vyuo vya ufundi vya kata viko chini ya serikali ya kaunti. Kijana wa Likoni anayesomea Kisauni atavuka feri, kisha apande matatu hadi ng'ambo ya daraja la Nyali, kila siku. Feri ni bure kwa mtembea kwa miguu, lakini matatu si bure, na foleni ya asubuhi inakula kipindi cha kwanza. Jumlisha nauli ya muhula mzima kabla ya kulinganisha karo. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya kiufundi vya umma pia, basi uliza utaratibu mapema.

Kwa aliye gereji tayari

Ikiwa kijana wako anafanya kazi kwa fundi na hana cheti, usimtoe kwa pupa. NITA hutahini mafundi katika daraja la 3, la 2 na la 1, kwa nadharia na kwa vitendo, na aliyejifunzia kazini anaruhusiwa kukaa mtihani huo.

Yule kijana wa Mtongwe anajiandaa kwa daraja la 3. Alikubaliwa gereji nyingine kama msaidizi, na tulimshauri awe na daftari la kuandikia kila kazi aliyoigusa kwa mikono yake, tarehe na aina ya gari. Mara ya mwisho alipotuonyesha, mstari wa chini kabisa ulisomeka: hedi, Probox, bolti 10, nimekaza mwenyewe.