Talaka ya Mdomo na Amri ya Mahakama

Darasani tumeulizwa: mume akimtamkia mkewe talaka hapa Mazinde, ndoa imevunjika? Kifiqhi ndiyo, zikitimia sharti zake, na eda huanza kuhesabiwa. Kiserikali bado.

Tanzania Bara mahakama za kadhi za dola ziliondolewa miaka ya 1960. Tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ugomvi hupelekwa kwanza baraza la usuluhishi, kama lile la BAKWATA. Likishindwa kupatanisha, hutoa hati. Talaka ikitamkwa Kiislamu baada ya hati hiyo, kifungu cha 107 kinaitaka mahakama ikubali kuwa ndoa imevunjika na itoe amri ya talaka. Hapo ndipo mali iliyochumwa pamoja hugawanywa. Dada zetu wengi (tunasema kwa masikitiko) huishia na kikaratasi cha mume mkononi, wakarudi kwao na sanduku la nguo.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana mtihani mkubwa zaidi. Baraza la Sharia la London, lililoanzishwa 1982, humfungua mke aliyenyimwa talaka, ila hati yake haivunji ndoa ya serikali. Na mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa huko ilisema nikaha iliyofungwa nje ya taratibu za nchi haihesabiki kuwa ndoa kisheria, hata ndoa batili. Kwetu nikaha inatambuliwa, na isipoandikishwa haibatiliki kwa hilo peke yake. Lakini bila cheti mke hutafuta mashahidi, na mashahidi hufa.