Volkano ya Chini ya Bahari: Kwanza Uliza Kina Chake

Ukisikia redioni kwamba volkano imelipuka chini ya bahari, uliza kwanza kilele chake kiko mita ngapi chini ya maji. Ukubwa wa mlima unaweza kusubiri. Kwa nini kina kiwe na uzito huo? Tuitazame Kamaʻehuakanaloa ya Hawaii, ambayo hadi 2021 ilijulikana kama Lōʻihi.

Iko kilomita 35 hivi kutoka pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Hawaii, ubavuni mwa Mauna Loa. Imeinuka zaidi ya mita 3,000 kutoka sakafu ya bahari, lakini kilele bado kiko karibu mita 975 chini ya maji. Meli hupita juu yake bila habari.

Volkano nyingi hutokea pale mabamba ya ardhi yanapokutana au kuachana. Hii iko katikati ya bamba la Pasifiki, mbali na mpaka wowote. Chini yake miamba yenye joto kali hupanda kutoka kina kirefu cha dunia na kuyeyuka inapokaribia juu. Mkanada John Tuzo Wilson alitoa hoja mwaka 1963 kwamba chanzo hicho cha joto hutulia mahali pake, na bamba ndilo linalosogea juu yake. Kwa Hawaii, bamba huenda kaskazini-magharibi kwa sentimita 7 hadi 10 kwa mwaka. Ndiyo maana Kauai, kilichotangulia kupita hapo, ni kisiwa cha miaka milioni 5 hivi, kimepoa na kumomonyoka, na Kamaʻehuakanaloa ndiye kitinda mimba. Inakadiriwa kuchomoza juu ya maji baada ya miaka 10,000 hadi 100,000, kwa hiyo madalali wa viwanja wasiwe na haraka.

Zamani ilidhaniwa kuwa mlima mfu, hadi msururu wa matetemeko ya mwaka 1970 ulipowarudisha wataalamu kuichunguza. Julai na Agosti 1996 vipimo vilinasa matetemeko zaidi ya 4,000. Sehemu ya kilele yenye chemchemi za maji moto ikadidimia, likabaki shimo lenye upana wa mita 600 hivi na kina cha mita 300. Ufukweni hakuna aliyelowa.

Siri ni uzito wa maji. Kwa kina cha karibu mita 975, maji hukandamiza karibu mara 100 ya hewa tunayovuta. Gesi iliyomo ndani ya ujiujimoto hukosa nafasi ya kufumuka, na maji hayachemki hata yakifika nyuzi 200. Lava hutoka bila kishindo. Ngozi yake huganda papo hapo inapogusa maji, ndani ikiwa bado nyekundu. Msukumo ukizidi ngozi hupasuka, bonge jingine huchomoza, nalo huganda. Hujikusanya rundo la mabonge kama mito ya kulalia. Karibu na chemchemi miamba huvaa utando wa rangi ya kutu, kazi ya bakteria wanaoishi gizani kwa kutumia madini ya chuma yanayotoka na maji moto.

Kina kikiwa kidogo, mambo hubadilika. Volkano ya Hunga Tonga–Hunga Haʻapai, ambayo iko mpakani mwa mabamba, mdomo wake ulikuwa mita 150 hivi tu chini ya maji. Tarehe 15 Januari 2022 ililipuka, majivu yakapaa zaidi ya kilomita 50 na tsunami ikapiga visiwa vya Tonga.

Hata hivyo kina hakiondoi hatari yote. Ubavu wa volkano ukiporomoka ghafla, maji husukumwa hata kama lava haijaonekana.

Sisi wa Bahari ya Hindi tunayo ya jirani: Fani Maoré, kilomita 50 hivi mashariki ya Mayotte. Matetemeko yalianza Mei 2018, moja likafikia kipimo cha 5.9, na mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta mlima mpya wa mita 820 hivi kwenye sakafu yenye kina cha mita 3,500. Wakazi walitikiswa kwa miezi, lava hawakuiona.

Ukiwa pwani ukahisi tetemeko kali au la muda mrefu, au ukaona maji yanakupwa ghafla nje ya saa zake, panda sehemu ya juu mara moja, usisubiri tangazo. Usipohisi chochote, fuata taarifa za mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yako: tsunami ya Desemba 2004 ilitoka Sumatra, ikaua watu hadi Tanzania na Kenya.