Sarafu ya Fedha ya Roma: Ichunguze Kabla ya Kutuma Pesa

Je, umewahi kuonyeshwa mtandaoni sarafu ya kale ya Warumi, ukaambiwa utume pesa haraka kabla mwingine hajaichukua? Kukusanya sarafu hizi ni burudani nzuri. Lakini kwanza tuijue dinari, ndipo ujue unanunua nini.

Dinari ni nini?

Ni sarafu ambayo Roma ilianza kuitoa karibu mwaka 211 KK. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka: wafanyakazi wa shamba la mizabibu walilipwa dinari moja kwa siku. Mwanzoni ilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi, karibu yote fedha tupu.

Fedha ilienda wapi?

Vita na mishahara ya askari vilihitaji pesa nyingi. Mwaka 64 BK Kaisari Nero alipunguza uzito wa dinari na kuongeza shaba ndani yake. Wakati wa Septimius Severus, kufikia mwaka 195 hivi, fedha ilibaki karibu nusu. Mwaka 215 Caracalla alileta sarafu mpya iliyohesabiwa dinari mbili, huku fedha yake ikitosha dinari moja na nusu tu. Kufikia miaka ya 270, sarafu hiyo ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juu juu. Watu walificha sarafu nzuri za zamani, wakatumia mpya, na bei zikapanda. Mwaka 301 Diocletian alitangaza bei za juu kabisa kwa amri, lakini hakufaulu.

Kwa hivyo ukiambiwa tu "ni fedha ya Roma," uliza: ya Kaisari yupi?

Kabla hujalipa

1. Uliza uzito. Dinari nyingi za karne mbili za kwanza BK zina gramu kati ya 3 na 4.

2. Angalia ukingo. Sarafu halisi zilipigwa kwa nyundo, moja moja. Ukiona mshono ukingoni au vishimo vidogo vya hewa, huenda imemiminwa kwenye kalibu.

3. Linganisha picha. Sarafu mbili zikifanana hadi mikwaruzo, shuku.

4. Uliza ilikotoka. Nchi kama Italia zina sheria kali kuhusu vitu vya kale, kwa hivyo omba karatasi zake.

5. Usiharakishwe. Dinari zilitolewa kwa mamilioni. Ukikosa hii, utapata nyingine.

Ukiamua kununua, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la muuzaji kabla ya kuweka PIN. Usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema ni ya "kuthibitisha malipo." Na ukishaipata sarafu yako, usiisugue ing'ae, kwani utaishusha thamani.

Kumbuka: pesa ikishatoka kwenye simu, kuirudisha ni kazi. Ukiwa na shaka, usitume.