Mti wa Mswaki na Majaribio ya Dawa Yake

Ijulikane ya kwamba mti uitwao mswaki, nao kwa Kiarabu ni araki, humea katika nchi kavu yenye chumvi. Na chini ya Moshi huonekana katika nyika za mto Pangani, ambako mvua ya Mlima Kilimanjaro ni haba. Matunda yake madogo huliwa. Ni matamu, kisha huwasha ulimi kama haradali. Na mizizi yake ndiyo ishikwayo sana kwa sunna ya kupiga mswaki.

Je, mwasho huo una faida, au ni ladha tu? Mwaka 2008 wataalamu wa Karolinska, nchi ya Uswidi, walipanda vijidudu vya kinywani juu ya rojo, kisha wakaweka vipande vya mzizi juu yake pasipo kugusa. Vijidudu viharibuvyo ufizi vilizuiwa hata kwa mvuke wake peke yake! Mwaka 2011 wakakitambua kitu chenyewe: ni mafuta makali, ya jamii moja na ukali wa haradali. Ama vile vitoboavyo meno havikudhurika kadiri hiyo.

Nao wako watu wa tambarare za Moshi wenye meno ya kahawia tangu utoto, ambao hulaumiwa bure kwa uchafu. Sababu ni floridi iliyo katika maji ya nchi za volkano, nayo huingia katika jino lingali likiumbika. Mswaki hauiondoi, hata ufizi ukitoka damu kwa kusuguliwa.

Atumiaye na achague mzizi mbichi, akate ncha kuukuu mara kwa mara, kwani ukali wake huruka.