MV Bukoba: Kadari na maamuzi ya watu

Kila nikigusia MV Bukoba darasani hapa Mabatini, hakosekani wa kusema: "Ustadh, siku yao ilikuwa imefika." Ni kweli. Lakini Sayyidna Umar (RA) alipokataa kuingia Sham penye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah (SW), akajibu kuwa anaikimbia kadari kwenda kwenye kadari nyingine. Kuamini kadari hakumwondolei nahodha wala bandari dhima yake.

Meli ile ilizama Mei 21, 1996, ikikaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, la wanyonge, halikuwa na orodha kabisa. Walikufa zaidi ya 800. Kuwahesabu watu pale Kemondo kungegharimu nini? Daftari na kalamu!

Linaloniuma zaidi ni la baadaye. Meli ilipinduka lakini haikuzama papo hapo. Tumbo lake lilielea, na waliokwama ndani wakawa wanagonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama nao. Wapiga mbizi ilibidi watoke Afrika Kusini. Siwalaumu waliotoboa, nani asikie kugongwa kule akae kimya? Lakini mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai baada ya siku mbili. Alikuwa anavuta hewa iliyobaki humo ndani.